Mwandishi na Baraza Jipya

Wazee wetu walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hii hupendwa sana na waandishi chipukizi, hasa wenye haya, maana huwapa ruhusa ya kuketi nyumbani na kungoja. Mtu hutunga hadithi, akaiandika daftarini kwa hati nzuri, akaifungia sandukuni, kisha akajiambia ya kuwa ikiwa ni njema watu watakuja kuitafuta. Miaka hupita, wala hapana abishaye hodi. Upande wa pili yuko kijana ambaye hajamaliza hata hadithi moja, lakini kila asubuhi yumo katika mitandao ya kijamii akitangaza ya kuwa yeye ni mwandishi, akiomba afuatwe, apendwe na asambazwe. Yule wa kwanza ameielewa methali nusu. Huyu wa pili ameisahau yote. Katika insha hii nataka wewe msomaji nami tuipime methali hiyo kwa matendo ya waandishi waliotumia intaneti kujipatia wenzi wa kazi, tuone nani alifanya vyema, na kwa sababu gani.

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Nikitaja uhusiano wa kazi, sisemi urafiki wa salamu. Nasema juu ya kifungo kilichoko kati ya mwandishi na watu ambao bila wao kazi yake haiwezi kufika mbali: msomaji wa kwanza aonaye makosa, mhariri, mfasiri, mchapishaji, na mwandishi mwenzake amwambiaye kweli. Nikitaja mitandao ya kijamii, nasema juu ya Facebook, na X ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Twitter, na makundi ya WhatsApp, na mengine ya namna hiyo, ambamo kila mtu aweza kusema na kila mtu aweza kujibu. Kwa maneno mengine ni baraza. Na baraza sisi twalijua tangu zamani.

Tazama Mombasa ya kale. Muyaka bin Haji, aliyeishi tangu karibu mwaka 1776 hata 1840, hakutunga kwa ajili ya masikio yake mwenyewe. Tungo zake nyingi zilikuwa za kujibizana. Katika siku za ugomvi wa miji, Mombasa ilisema na Lamu ikajibu, na shairi lilisafiri kwa kinywa na kwa chombo cha baharini. Mtunzi alijulikana kwa watunzi wenzake kwa sababu aliwajibu, na ili awajibu ilimpasa kwanza awasikilize, ashike vina vyao na kuyajua mafumbo yao. Lakini Muyaka alipokufa hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyezikusanya tungo zake, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor, na William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940, yaani miaka mia baada ya kufa mwenyewe. Hapa methali yetu yaanza kutikisika. Tungo za Muyaka zilikuwa chema kisicho na shaka, hata hivyo hazikujipeleka zenyewe kwa mpiga chapa. Zilipelekwa.

Tazama tena Tanganyika. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, na kurasa zake zilipokea mashairi ya wasomaji. Karani wa bandari ndogo, mwalimu wa kijijini na mfanyabiashara wa bara waliweza kukutana katika ukurasa mmoja, ingawa hawakupata kuonana uso kwa uso. Shaaban Robert, ambaye alikuwa karani wa serikali, alikuwa miongoni mwa waliopeleka tungo zao huko. Naye aliandikiana barua na ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi. Barua hizo, za mwaka 1931 hata 1958, zimekwisha kutolewa kitabuni. Ukiwa na nafasi uzisome. Utaona ya kuwa mwandishi mkubwa naye alihitaji mtu wa kumwandikia.

Basi mitandao haikuleta haja mpya. Ilileta mbio. Shairi lililongoja upepo wa kaskazi ili lifike mji mwingine, sasa hufika kabla mtunzi hajaweka simu chini. Mbio hizi zina faida na zina hasara, nami nitazipima kwa maswali matatu: Mwandishi huyu alileta nini barazani? Alimtazama nani zaidi ya nafsi yake? Na kelele zilipotulia, ni nini kilichobaki?

Mfano wa kwanza ni wa kwetu. Mwaka 2002 Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alipata Tuzo ya Caine ambayo hutolewa kwa hadithi fupi za Kiafrika. Maandishi yaliyompa tuzo, "Discovering Home", hayakutoka kwanza katika kitabu. Yalitoka katika jarida la intaneti. Facebook ilikuwa haijazaliwa bado. Alileta nini? Alileta kazi iliyokamilika, safari ya mtu arejeaye kwao, imeandikwa kwa uangalifu hata waamuzi wakaiona. Lakini jambo ninalolisifu zaidi ni lile lililofuata. Mwaka 2003 jarida la Kwani? lilitokea Nairobi, naye akiwa mhariri wake mwanzilishi. Na mwaka uo huo Yvonne Adhiambo Owuor alipata tuzo ile ile kwa hadithi yake "Weight of Whispers", ambayo Kwani? ndiyo iliyoitoa. Umeona mfululizo wake? Mlango mmoja ulifunguliwa na intaneti. Aliyeingia hakuufunga nyuma yake, bali aliweka jiwe usifungike, na mwaka wa pili mwenzake akapita. Huu ndio uhusiano wa kazi katika hali yake bora. Ukitaka kumpima mwandishi kwa marafiki zake, usiwahesabu. Uliza ni nani aliyepita mlangoni kwa mkono wake.

Mfano wa pili ni wa Teju Cole, mwandishi aliyezaliwa Marekani akakulia Lagos, Nijeria. Mwezi wa Januari 2014 alitoa katika Twitter hadithi fupi iitwayo "Hafiz". Aliitoa kwa njia ya ajabu. Sentensi za hadithi aliwagawia watu mbalimbali, kila mmoja akaitangaza sentensi yake kana kwamba ni neno lake mwenyewe, kisha Cole akazirudia moja baada ya moja kwa utaratibu, hata hadithi ikajengeka. Habari yenyewe ni ya mtu aliyeanguka njiani mjini, na wapita njia wamzungukao.

Hapa naomba tusimame kidogo, maana hii ni kazi ya sanaa na yataka kuhukumiwa kama sanaa. Nguvu yake ni kwamba umbo lake lafanana na habari yake. Mtu aangukapo njiani, hapana shahidi aonaye yote: huyu aliona mkono, huyu alisikia pumzi, yule alifika ambulansi ikiondoka. Hadithi ikasemwa na watu wengi, kila mmoja na kipande chake, kama vile tukio lenyewe lilivyoonekana na wengi. Tena fikiri: ni nani atakayekupa sauti yake, alitangaze neno lako kwa jina lake, kama hakuamini? Kazi ile isingewezekana bila imani iliyokwisha kujengwa kwa muda. Lakini ina udhaifu wake pia. Aliyekuwako saa ile aliifurahia. Ajaye leo hana budi kuokota vipande, na mahali penyewe pamebadilika jina na desturi. Mchezo ulikuwa mzuri, ila uwanja haukuwa wa mchezaji. Na Cole mwenyewe, katika mwaka uo huo wa 2014, aliacha kuandika Twitter. Hakuacha kuwa mwandishi. Riwaya yake "Open City" ilikuwa imetoka mwaka 2011, nayo ingali yasomwa.

Mfano wa tatu ni wa Warsan Shire. Alizaliwa Kenya mwaka 1988, wazazi wake wakiwa Wasomali, akakulia London. Mashairi yake yalienea sana katika Tumblr na Twitter, na mwaka 2015, wakati wakimbizi wengi walipokuwa wakivuka bahari kuingia Ulaya, shairi lake liitwalo "Home" lilipita mkono kwa mkono ulimwenguni. Mwaka 2016 mwimbaji Beyoncé aliyatia maneno yake katika "Lemonade". Kijana asikiaye habari hii husema, "Naam! Mtandao ulimfanya." Lakini turudi nyuma tuhesabu miaka. Kitabu chake cha kwanza, kidogo, kilitolewa na wachapishaji wa London mwaka 2011. Mwaka 2013 alipata tuzo ya ushairi wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kutolewa, na mwaka uo huo akachaguliwa kuwa malenga kijana wa kwanza wa jiji la London. Kwa hiyo kabla ya sifa kubwa kumfikia, alikuwa amekwisha kupita katika mikono ya wahariri na waamuzi. Mtandao ulimbeba mtu ambaye tayari alikuwa na kitu cha kubebwa.

Wala ubebaji ule haukuwa bila gharama. Shairi ni mwili mmoja, na mtandao hupenda viungo. Wengi walipeleka mistari miwili mitatu, wakaiacha iliyobaki, hata mtu akadhani amelisoma shairi na kumbe ameona kucha yake tu. Ndiyo sababu nasema kitabu kamili alichokitoa mwaka 2022 kina thamani kuliko maelfu ya alama za kupenda. Ndani ya kitabu shairi huketi pamoja na jamaa zake, na msomaji hulazimika kulisikiliza hata mwisho.

Nimeuweka mfano wa nne mwisho kwa sababu naupenda kuliko yote. Mwaka 2013 waandishi vijana wa nchi mbalimbali za Afrika walianzisha kundi la Jalada. Hawakuwa na jumba wala mtambo wa chapa. Sehemu kubwa ya shughuli zao ilifanyika kwa barua pepe na jarida lao lilikuwa la intaneti. Mwezi wa Machi 2016 walitoa toleo la tafsiri. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwapa hadithi aliyoiandika kwa Kikuyu, "Ituĩka rĩa Mũrũngarũ", ielezayo jinsi wanadamu walivyokuja kutembea wima, na wafasiri wakaigeuza kwa lugha zaidi ya 30, Kiswahili kikiwa mojawapo. Baadaye lugha ziliendelea kuongezeka. Mfasiri aliyekuwa nchi moja alifanya kazi pamoja na mhariri wa nchi nyingine, na huenda hawakupata kunywa chai pamoja hata leo.

Kwa nini mzee mwenye sifa kama Ngũgĩ, aliyefariki mwezi wa Mei 2025, awape vijana kazi yake? Kwa maoni yangu ni kwa sababu hawakumwendea mikono mitupu. Walimletea shauri la kazi, tena kazi iliyoafikiana na imani yake ya miaka mingi juu ya lugha za Kiafrika. Hawakusema, "Tusaidie tujulikane." Walisema, kwa vitendo vyao, "Hapa pana shamba, na majembe tunayo." Hadithi yenyewe yafaa kuwa funzo juu ya kazi ile. Ndani yake mikono na miguu, ambayo zamani ilifanya kazi pamoja kwa mapenzi, yachochewa na viungo vingine kushindana, na mwisho kila kimoja chapata wajibu wake: miguu yaubeba mwili na mikono yaulisha. Ikiwa pana kasoro katika toleo lile, ni kwamba lugha nyingi zilipata hadithi moja tu. Na hadithi moja haitoshi kuilea fasihi ya lugha. Lakini kasoro hiyo ni deni tuliloachiwa sisi, si lawama juu yao.

Nimewahukumu wengine, haki yataka nami nijihukumu. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa na hadithi tatu nilizoziona kuwa johari. Niliandika waraka mmoja, nikawapelekea watu arobaini katika Facebook, waandishi na wahariri, nikibadili jina tu. Na kwa wawili nilisahau hata kubadili jina. Waraka wenyewe ulisema ya kuwa mimi ni mwandishi chipukizi na naomba msaada wa kuchapishiwa. Thelathini na tisa hawakujibu. Mmoja alijibu, mama mmoja mwandishi wa vitabu vya watoto, na jibu lake lilikuwa swali: "Mwalimu, umesoma kitabu changu kipi?" Sikuwa nimesoma hata kimoja. Niliona haya, nikanyamaza. Yalipita majuma mengi kabla sijanunua kitabu chake kimoja. Nilikisoma mara mbili, kisha nikamwandikia kumweleza palipo nigusa, na pale nilipodhani mtoto wa hadithi amesamehe upesi mno. Akajibu siku ile ile, kwa maneno mengi, akitetea mahali pamoja na kukubali mahali pengine. Yeye ndiye aliyekuja kuwa msomaji wa kwanza wa hadithi zangu. Katika zile johari tatu aliniambia mbili nizitupe, nami nilizitupa.

Ukipima kosa langu kwa maswali yetu matatu, utaona nilianguka katika yote. Sikuleta kitu, nilijitazama nafsi yangu, na hakikubaki neno. Barua ya pili ilifaulu kwa sababu moja tu: kabla ya kutaka kusomwa, nilisoma.

Sasa nisikie mnong'ono wako, msomaji. "Mwalimu, sisi shuleni hatuna ruhusa ya kuwa na simu, na nyumbani simu ni ya baba, na kifurushi cha intaneti huisha kabla ya juma kwisha." Ni kweli. Shule zetu nyingi, hasa za bweni, hukataza simu, na si kila nyumba ina uwezo. Lakini usidhani miezi ile isiyo na simu ni miezi iliyopotea. Ni miezi ya kulima. Soma vitabu vya maktaba, na uandike barua juu yake katika daftari. Andika shairi, umpe mwenzako alikosoe. Peleka tungo kwa gazeti la shule, au kwa Taifa Leo, ambalo limekuwa likichapa mashairi ya wasomaji. Likizo ifikapo, utakuwa na cha kupeleka barazani.

Utakapoingia huko, shika mambo haya machache. Tumia jina lako moja, lile utakalotaka liandikwe juu ya kitabu, wala usilitie katika matusi, maana mtandao hausahau na mhariri ana macho. Anza kwa kuwasoma wenye kazi unayoipenda, useme jambo mahususi juu ya walichoandika. "Kazi nzuri" ni maneno ambayo hata asiyesoma aweza kuyasema. Jiunge na kundi dogo la watu wanaokosoana kwa adabu kuliko kundi kubwa la wanaosifiana. Ukinakili neno la mtu, taja jina lake. Ukiona lako limenakiliwa bila jina, jua ya kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi ya mtunzi, nawe weka nakala zenye tarehe ziwe ushahidi wako. Tena usiweke mtandaoni kila utungacho, kwani wako wahariri na mashindano wasiopokea kazi iliyokwisha kutangazwa.

Na kuna onyo moja nisilotaka ulipite upesi. Asemaye ya kuwa ni mchapishaji na kumbe ataka fedha yako, picha zako, au mkutane faraghani, huyo si mwenzi wa kazi. Usimpe anwani yako wala usimfiche mzazi au mwalimu wako. Mchapishaji wa kweli hutaka muswada, nao wewe waweza kumpa mbele ya watu wote.

Je, methali ya wazee imeshindwa? Siamini hivyo. Katika mifano yote tuliyoitazama, kilichowavuta watu kilikuwa wema wa kazi: Sikujua hangehangaika kukusanya tungo mbovu, wala mfasiri hangekesha juu ya hadithi isiyo na maana. Chema hujiuza kweli kikiisha kufika sokoni, lakini hakina miguu ya kukifikisha huko. Yahitaji mtu akibebe, na mbebaji hupatikana kwa kubebana. Kwa hiyo fungua sanduku lako, utoe lile daftari. Na kabla ya kulipeleka kwa mtu, tafuta kazi ya mwenzako aliye mahali fulani akingoja kama ulivyongoja wewe, uisome hata ukurasa wa mwisho, kisha umwandikie uliyoyaona.